Urithi wa Margaret Thatcher

Urithi wa Margaret Thatcher ni mabadiliko ya kisiasa, kiuchumi na kijamii yaliyoachwa na Margaret Hilda Thatcher (13 Oktoba 1925 – 8 Aprili 2013), Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia tarehe 4 Mei 1979 hadi 28 Novemba 1990, pamoja na mabishano yanayoendelea juu ya mabadiliko hayo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, na katika karne ya 20 hakuna aliyeushika kwa muda mrefu kuliko yeye. Alishinda chaguzi kuu tatu: 1979, 1983 na 1987.

Ni vigumu kumpata kiongozi mwingine wa Uingereza wa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia anayependwa na kuchukiwa kwa kiasi hicho. Kwa kawaida mgawanyiko huo huelezwa kuwa ni wa vyama, lakini maelezo hayo hayatoshi. Sheria ileile iliyoipa familia moja hati ya nyumba iliiacha familia nyingine kwenye orodha ya kusubiri. Uamuzi uleule uliopunguza hasara ya hazina ulifunga mgodi uliokuwa ajira kuu ya kijiji kizima. Hivyo maoni ya mtu juu ya Thatcher mara nyingi hutegemea aliishi wapi na alifanya kazi gani katika miaka ya 1980.

Katika makala hii jina "Uingereza" linamaanisha Ufalme wa Muungano wote. Sehemu ya England peke yake inatajwa kwa jina lake.

Asili na kupanda kwake

Thatcher alizaliwa Grantham, mji mdogo wa Lincolnshire, binti wa pili wa Alfred Roberts, mwenye duka la vyakula aliyekuwa pia diwani na mhubiri wa Kimethodisti. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafanya kazi ya utafiti viwandani, kisha akasomea sheria. Mwaka 1951 aliolewa na mfanyabiashara Denis Thatcher, wakapata watoto mapacha. Aliingia bungeni mwaka 1959 kwa jimbo la Finchley, kaskazini mwa London.

Lawama ya kwanza iliyomganda ilitokana na shule. Mwaka 1971, akiwa Waziri wa Elimu, aliondoa maziwa ya bure kwa wanafunzi wa miaka 7 hadi 11. Serikali ya Chama cha Labour ilikuwa imekwisha kuyaondoa katika shule za sekondari mwaka 1968, lakini jina la "mnyang'anyi wa maziwa" alilibeba yeye. Kisichotajwa sana ni kwamba alipokuwa katika wizara hiyohiyo umri wa kuacha shule ulipandishwa hadi miaka 16.

Mwaka 1975 alimshinda Edward Heath na kuwa kiongozi wa Chama cha Wahafidhina. Mwaka uliofuata gazeti la jeshi la Umoja wa Kisovyeti lilimwita "Mwanamke wa Chuma". Gazeti lilikusudia kejeli, naye akaipokea kama sifa.

Uchumi

Ili kumwelewa Thatcher ni lazima kukumbuka nchi aliyoipokea. Mwaka 1975 mfumuko wa bei ulipita asilimia 24. Mwaka 1976 serikali ya Labour ililazimika kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na kukubali masharti ya kupunguza matumizi, jambo ambalo wasomaji wengi wa Afrika hulihusisha na nchi zao tu. Katika majira ya baridi ya 1978–1979 migomo iliacha takataka zikirundikana katika mitaa ya London, na mjini Liverpool wachimba makaburi waliacha kuzika. Picha hizo zilimsaidia sana katika uchaguzi wa Mei 1979.

Serikali yake ilipandisha riba na kubana matumizi ili kupunguza mfumuko wa bei. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka asilimia 83 hadi 60 mara moja, na mwaka 1988 kikashuka tena hadi 40. Kwa upande mwingine kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hulipwa na kila mnunuzi, tajiri na maskini, ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15. Mwezi Machi 1981 wachumi 364 waliandika barua katika gazeti la The Times kupinga sera hizo. Mfumuko wa bei ulishuka hadi chini ya asilimia 5 mwaka 1983, lakini gharama ilikuwa kubwa: viwanda vingi vya kaskazini mwa England, Scotland na Wales vilifungwa, na Januari 1982 idadi ya wasio na kazi ilipita milioni 3. Alipoondoka madarakani mfumuko wa bei ulikuwa umerudi karibu na asilimia 10, jambo ambalo wafuasi wake hupenda kuliruka.

Mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine: simu (British Telecom) mwaka 1984, gesi 1986, shirika la ndege la British Airways 1987, maji ya England na Wales 1989, kisha umeme. Hisa ziliuzwa kwa watu wa kawaida kwa bei nafuu, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kumiliki hisa walinunua. Wengi waliziuza upesi na kuchukua faida yao. Uuzaji wa simu na ndege leo haupingwi na wengi. Wa maji ni habari nyingine, kwa kuwa mtu hawezi kuchagua bomba la kampuni tofauti, na madeni ya kampuni hizo pamoja na maji taka yanayomwagwa mitoni yamefanya hata baadhi ya Wahafidhina kuutilia shaka.

Katika miaka hiyo serikali ilipata mapato makubwa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Wakosoaji husema fedha hizo zilitumika kulipia kodi iliyopunguzwa na posho za wasio na kazi, wakati Norwe, iliyochimba katika bahari hiyohiyo, ilianzisha mfuko wa akiba mwaka 1990.

Tofauti ya kipato iliongezeka kwa kasi. Kipimo cha Gini, ambacho 0 ni usawa kamili, kilipanda kutoka karibu 0.25 mwaka 1979 hadi karibu 0.34 mwaka 1990, na tangu hapo hakijarudi kilipokuwa.

Nyumba za halmashauri

Mwaka 1979 karibu theluthi moja ya familia za Uingereza ziliishi katika nyumba za kupanga zilizojengwa na halmashauri za miji na wilaya. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua. Aliyekaa miaka mitatu alipunguziwa asilimia 33 ya bei, na kwa kila mwaka wa ziada asilimia moja zaidi, hadi nusu ya bei. Baadaye punguzo likaongezwa. Kufikia mwisho wa utawala wake zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimeuzwa.

Pengine hakuna sera yake iliyopendwa kuliko hii. Dereva wa basi au mfanyakazi wa kiwandani, ambaye wazazi wake hawakumiliki chochote, alipata mali ya kurithisha watoto. Wapiga kura wengi wa Labour walihamia kwake kwa sababu hiyo, na Labour yenyewe iliacha kuipinga sera hiyo.

Tatizo halikuwa kuuza. Tatizo lilikuwa kwamba halmashauri zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha za mauzo kujenga nyumba nyingine. Walionunua walinufaika kweli. Waliokuja baada yao walikuta nyumba za kupanga zimekwisha. Nyumba nyingi zilizouzwa hatimaye ziliangukia mikononi mwa wenye nyumba binafsi, wanaozipangisha kwa kodi kubwa, na mara nyingine serikali ndiyo inayolipa kodi hiyo kama msaada kwa mpangaji maskini. Scotland ilifuta haki hiyo ya kununua mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England inaendelea nayo.

Mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe

Tarehe 6 Machi 1984 Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, chini ya Ian MacGregor, ilitangaza mpango wa kufunga migodi 20 na kupunguza ajira 20,000 hivi. Wachimbaji wa Yorkshire walikuwa tayari wameanza kugoma kwa sababu ya mgodi wa Cortonwood, na mgomo ukaenea. Kiongozi wao, Arthur Scargill, alidai kwamba mpango halisi ulikuwa wa kufunga migodi mingi zaidi. Serikali ilikanusha. Nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba mpango wa kufunga migodi 75 katika miaka mitatu ulikuwa umejadiliwa serikalini.

Serikali ilikuwa imejiandaa. Makaa yalirundikwa kwenye vituo vya umeme, na polisi kutoka wilaya mbalimbali walipangwa pamoja. Wahafidhina hawakuwa wamesahau kwamba mgomo wa wachimbaji ulichangia kuiangusha serikali ya Heath mwaka 1974. Scargill naye alifanya kosa lililowagharimu wenzake: hakuitisha kura ya nchi nzima kabla ya mgomo. Wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea kufanya kazi, kisha wakaunda chama chao. Hadi leo kuna familia katika maeneo hayo ambazo hazisalimiani kwa sababu babu mmoja aligoma na mwingine aliingia kazini.

Tarehe 18 Juni 1984 maelfu ya wagomaji na polisi walipambana Orgreave, karibu na Sheffield. Watu 95 walishtakiwa, lakini kesi zilivunjika mwaka 1985 baada ya ushahidi wa polisi kuonekana hauaminiki. Tarehe 3 Machi 1985 chama cha wachimbaji kilipiga kura kurudi kazini bila makubaliano yoyote. Walirudi kwa maandamano, na vijiji vingine vilitanguliza bendera za chama na bendi za tarumbeta.

Ni kweli kwamba migodi mingi ilifungwa pia chini ya Harold Wilson wa Labour katika miaka ya 1960, na kwamba makaa ya mawe yangepungua hata bila Thatcher. Lakini wakati wa Wilson aliyepoteza kazi mgodini aliweza kupata nyingine kiwandani. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda hivyo navyo vilikuwa vimefungwa. Mgodi wa mwisho wa chini kabisa ya ardhi, Kellingley katika Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015.

Kushindwa kwa wachimbaji, pamoja na sheria mpya zilizodai kura ya siri kabla ya mgomo, kulivunja nguvu za vyama vya wafanyakazi. Siku za kazi zilizopotea kwa migomo zilikuwa zaidi ya milioni 29 mwaka 1979, na chini ya milioni 2 mwaka 1990. Mwenye kiwanda huzisoma takwimu hizo kwa furaha. Mfanyakazi asiye na wa kumtetea huzisoma vingine.

Scotland na kodi ya kichwa

Mwaka 1989 serikali ilianzisha Scotland kodi mpya ya serikali za mitaa iliyotozwa kila mtu mzima kwa kiwango kimoja, bila kujali thamani ya nyumba yake. Wanafunzi na wasio na kazi walilipa asilimia 20. Jina lake rasmi lilikuwa "malipo ya jamii", lakini wananchi waliiita kodi ya kichwa, na wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao babu zao walitozwa kodi ya namna hiyo na Waingereza haohao, hawatashangaa kwamba ilichukiwa.

England na Wales zilianza kutozwa mwaka mmoja baadaye. Kwa Waskoti ilionekana kwamba walifanywa watu wa majaribio na serikali ambayo hawakuichagua: katika uchaguzi wa 1987 Wahafidhina walipata viti 10 tu kati ya 72 vya Scotland. Mamia ya maelfu walikataa kulipa. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano ya London yaligeuka ghasia katika uwanja wa Trafalgar. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1993, baada ya Thatcher kuondoka.

Mwaka 1997 Wahafidhina hawakupata hata kiti kimoja Scotland, na mwaka 1999 Bunge la Scotland lilifunguliwa mjini Edinburgh. Thatcher alikuwa mtetezi mkali wa muungano wa Uingereza. Hata hivyo wanahistoria wengi humhesabu miongoni mwa watu waliouongezea nguvu utaifa wa Kiskoti.

Vita, Ireland na Ulaya

Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ilivamia visiwa vya Falkland. Thatcher alituma manowari, na tarehe 14 Juni Waargentina walisalimu amri. Walikufa wanajeshi 649 wa Argentina, 255 wa Uingereza na wakazi watatu wa visiwa. Kuzamishwa kwa meli ya General Belgrano, ambako watu 323 walikufa, kunabishaniwa hadi leo, kwa kuwa meli hiyo ilikuwa nje ya eneo la vita lililotangazwa na Uingereza. Visiwani kwenyewe hakuna mabishano: tarehe 10 Januari kila mwaka ni Siku ya Margaret Thatcher.

Katika Ireland ya Kaskazini alikataa kuwapa wafungwa wa IRA na wa makundi mengine ya kijamhuri hadhi ya wafungwa wa kisiasa, na mwaka 1981 kumi kati yao walikufa kwa kugoma kula. Mwezi Oktoba 1984 IRA ililipua hoteli aliyolala mjini Brighton. Watu watano walikufa, naye akahutubia mkutano wa chama asubuhi iliyofuata. Mwaka mmoja baadaye alitia saini mkataba na Ireland ulioipa serikali ya Dublin nafasi ya kushauriana juu ya mambo ya kaskazini. Waprotestanti wengi waliuona kuwa usaliti.

Kuhusu Ulaya, mwaka 1975 alipiga kampeni ya kubaki katika Jumuiya, na mwaka 1986 serikali yake ilikubali sheria ya soko la pamoja. Lakini hotuba yake ya Bruges, Septemba 1988, ikawa kama hati ya msingi kwa wale ambao mwaka 2016 walipiga kura ya kuiondoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Ugomvi huohuo wa Ulaya, pamoja na kodi ya kichwa, ndio uliowafanya wabunge wa chama chake wamwangushe Novemba 1990.

Afrika

Sifa yake barani Afrika ina pande mbili. Mwezi Agosti 1979 alikwenda Lusaka kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola akitazamiwa kuitambua serikali ya Askofu Abel Muzorewa nchini Rhodesia. Baada ya mazungumzo ambayo Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walishiriki kwa nguvu, alikubali katiba mpya na uchaguzi unaosimamiwa na Uingereza. Picha yake akicheza dansi na Kaunda ilisambaa duniani. Makubaliano ya Lancaster House yalitiwa saini Desemba 1979, na Zimbabwe ikapata uhuru tarehe 18 Aprili 1980.

Kuhusu Afrika Kusini hakukubali kusogea. Alisema anachukia ubaguzi wa rangi, lakini alikataa vikwazo vikali vya kiuchumi akidai vingewaumiza Waafrika wenyewe. Mwaka 1984 alimpokea P. W. Botha nchini Uingereza, na mwaka 1987 aliiita ANC chama cha kigaidi. Kwa nchi zilizokuwa mstari wa mbele, Tanzania ikiwa mojawapo, huko kulikuwa ni kuwakinga Makaburu. Mwaka 1986 nchi 32 zilisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, na wanariadha waliojiandaa kwa miaka minne walibaki nyumbani. Barua zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba kwa faragha alimhimiza Botha amwachie huru Nelson Mandela. Watetezi wake huzitaja mara kwa mara. Wapinzani hujibu kwamba barua ya siri haiwezi kufanya kazi ya vikwazo vya wazi.

Hatua nyingine iligusa Afrika Mashariki moja kwa moja ingawa haitajwi sana. Kuanzia mwaka 1980 wanafunzi wa kigeni, wakiwemo wa Jumuiya ya Madola, walitakiwa kulipa gharama kamili ya masomo katika vyuo vikuu vya Uingereza. Njia waliyopita wasomi wengi wa kizazi cha uhuru ikawa nyembamba ghafla. Mwaka 1983 serikali ilianzisha ufadhili kwa wachache, ambao leo unajulikana kwa jina la Chevening.

Ubinafsishaji wa mashirika ya umma nchini Tanzania katika miaka ya 1990 ulisukumwa na Benki ya Dunia na IMF, si na Thatcher. Hata hivyo mfano wa Uingereza ulikuwa mbele ya macho ya washauri wa sera hizo.

Warithi wake

Ushahidi mzito wa urithi wake ni yale ambayo wapinzani wake hawakuyabadilisha. Labour ilirudi madarakani mwaka 1997 chini ya Tony Blair. Iliweka kima cha chini cha mshahara na kuongeza fedha za hospitali na shule, lakini haikurudisha simu, gesi wala maji mikononi mwa umma, na sehemu kubwa ya sheria za migomo ilibaki. Kifungu cha 28 cha sheria ya mwaka 1988, kilichozikataza serikali za mitaa na shule zake kuhimiza ushoga, kilifutwa Scotland mwaka 2000 na England na Wales mwaka 2003.

Wasomi nao hawakumsamehe upesi. Januari 1985 wahadhiri wa Oxford walikataa kumpa shahada ya heshima kwa kura 738 dhidi ya 319, kwa sababu ya kupunguzwa kwa fedha za elimu na utafiti. Mawaziri wakuu waliosoma Oxford kabla yake tangu vita walikuwa wamepewa.

Kifo na kumbukumbu

Thatcher alifariki London kwa kiharusi tarehe 8 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 87. Usiku huo watu walicheza mitaani Brixton na Glasgow, na wengine waliweka maua mbele ya nyumba yake. Mazishi ya tarehe 17 Aprili katika Kanisa Kuu la Mt. Paulo yalihudhuriwa na Malkia Elizabeth II, ambaye hakuwa amehudhuria mazishi ya waziri mkuu tangu yale ya Winston Churchill mwaka 1965. Umati ulipiga makofi jeneza lilipopita. Baadhi ya watu waliligeuzia mgongo. Siku hiyohiyo, katika kijiji cha Goldthorpe huko Yorkshire, ambacho mgodi wake ulikuwa umefungwa, sanamu yake ilichomwa moto.

Sanamu ya shaba iliyokusudiwa kuwekwa mbele ya Bunge ilikataliwa mwaka 2018 na halmashauri ya Westminster. Ilipelekwa Grantham, ikasimamishwa Mei 2022 juu ya msingi wa mita tatu hivi ili isifikiwe kirahisi, na saa chache baadaye ilirushiwa mayai. Mwaka 2025, miaka 41 baada ya Orgreave, serikali ya Labour ilitangaza uchunguzi rasmi juu ya yaliyotokea siku ile.